Batman Beyond kwenye komiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyemaliza katuni ya Batman Beyond na bado ana kiu, au aliyekuta komiki zake mahali akashindwa kujua ipi inatangulia ipi. Tuelewane kwanza kwa maneno: hapa "katuni" ni ile ya televisheni, na "komiki" ni ile ya kusoma. Tahadhari pia: mtama unamwagwa. Ukitaka uhondo wako usiguswe, soma mpaka swali la nne tu kisha ukatafute vitabu.

Sijawahi kuiona hiyo katuni. Inahusu nini?

Ni katuni ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Januari 10, 1999 na kumalizika Desemba 2001, misimu 3, vipindi 52. Walioibuni ni Bruce Timm, Paul Dini na Alan Burnett, ambao walikuwa wameshaifanyia kazi ile katuni maarufu ya Batman ya miaka ya 1990. Katika baadhi ya nchi iliitwa Batman of the Future. Ni kitu kilekile.

Inaanza hivi. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, ameshazeeka lakini bado anatoka usiku. Anakwenda kumwokoa msichana aliyetekwa, na katikati ya mapigano moyo unamgomea. Mhalifu mmoja anamjia na chuma mkononi, na mzee, kwa kukosa la kufanya, anaokota bastola na kumwelekezea. Hafyatui. Lakini huyu ni mtu ambaye wazazi wake waliuawa kwa bastola mbele ya macho yake akiwa mtoto, na maisha yake yote aliapa kutoigusa. Anarudi pangoni, anavua vazi, anazima taa safu moja baada ya nyingine.

Inapita miaka 20. Mji sasa unaitwa Neo-Gotham, magari yanapaa, na vijana wa magenge wanaojiita Jokerz wanajipaka rangi usoni kumuenzi Joker, adui wa zamani wa Batman, ambaye hawakuwahi kumwona. Mwanafunzi wa sekondari, Terry McGinnis, anakimbizwa na genge hilo hadi kwenye geti la jumba la Wayne. Mzee anatoka na bakora yake, wote wawili wanawatimua Jokerz, kisha presha inampanda mzee. Terry anamshika mkono kumwingiza ndani. Humo anasikia kitu kinapiga mbawa: popo amenasa kwenye ile saa ndefu ya kusimama sakafuni. Anapomnasua, saa inasogea, na nyuma yake kuna ngazi za kushuka pangoni.

Anarudi kwao usiku huo na kukuta baba yake ameuawa. Yaliyobaki unaweza kuyakisia.

Komiki zake ziko ngapi?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani, na zinachanganya kwa sababu karibu zote zina jina lilelile juu ya jalada.

Ya kwanza ilitoka mwaka uleule wa katuni, 1999: matoleo 6, yaliyoandikwa na Hilary J. Bader, aliyekuwa pia akiandika vipindi vya katuni yenyewe, na kuchorwa na Rick Burchett. Matoleo mawili ya mwanzo ni kile kisa cha kwanza cha televisheni kikiwa kwenye karatasi. Kabla mwaka haujaisha ikaanza nyingine, matoleo 24, ikaenda hadi 2001 na kufa pamoja na katuni.

Kisha kimya cha karibu miaka 9. Mwaka 2010 mwandishi Adam Beechen na mchoraji Ryan Benjamin wakaleta matoleo 6 ambayo baadaye yalikusanywa kwa jina Hush Beyond. Yalipokelewa vizuri, na mwaka 2011 kikaanza kitabu cha kila mwezi kilichofika toleo la 8 tu, maana kampuni ya DC, inayozichapisha, ilikuwa inafagia meza yake yote ianze upya. Mwaka 2012 ikaja Batman Beyond Unlimited, matoleo 18, na baada yake Batman Beyond Universe, matoleo 16, hadi 2014. Hizo mbili zilianzia mtandaoni kwa sura fupifupi kabla ya kuchapishwa kwenye karatasi, na kila toleo lilibeba hadithi zaidi ya moja: Batman hapa, Superman au Justice League pale.

Mwaka 2015 Dan Jurgens na mchoraji Bernard Chang wakaanza upya, matoleo 16. Mwaka 2016 Jurgens huyohuyo akaanza tena kuhesabu kutoka moja, na safari hii alifika 50, mwisho wa 2020. Hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Halafu Collin Kelly, Jackson Lanzing na mchoraji Max Dunbar wakatoa Neo-Year mwaka 2022 na Neo-Gothic mwaka 2023, matoleo 6 kila moja.

Je, komiki hizi ni mwendelezo halisi wa katuni?

Inategemea umeshika ipi. Hapa ndipo wengi wanapogombana bure.

Ziweke kwenye mafungu matatu. Zile za 1999 hadi 2001 zilikuwa zinatembea sambamba na katuni: kisa kimoja, kimeisha, kesho kingine. Haziharibu chochote wala hazibadilishi chochote, kama mazungumzo ya barazani.

Fungu la pili ni Unlimited na Universe. Hizi ndizo mwendelezo kwa maana inayokusudiwa na anayeuliza. Zinashika pale katuni ilipoishia, pamoja na zile za Justice League za miaka ya 2000, na kujibu maswali yaliyobaki hewani. Hush Beyond na kitabu cha 2011 viko mlangoni mwa fungu hili: vilichanganya mambo ya katuni na ya komiki za kawaida za Batman, ndiyo maana ukivisoma unahisi nyumba ni ileile lakini samani zimehamishwa.

Fungu la tatu ni kila kilichofuata kuanzia 2014. Hapo Terry si yule wa televisheni. Ni Terry wa ulimwengu wa kawaida wa DC, ambako matukio ya komiki nyingine yanamgusa. Anafanana, anaongea vilevile, ana mama na mdogo wake Matt vilevile, ila historia ya dunia yake ni nyingine. Ukishaelewa hivyo, robo tatu ya maswali yako yamejibika.

Basi nianzie wapi?

Kama umetoka kwenye katuni sasa hivi, anza na Batman Beyond Unlimited, hasa kisa cha 10,000 Clowns kilichoandikwa na Beechen na kuchorwa na Norm Breyfogle. Breyfogle alikuwa fundi wa Batman tangu mwisho wa miaka ya 1980, na ukitazama jinsi anavyochora mtu akiruka, mwili umepinda kama upinde, utajua kwa nini watu walifurahi aliporudi. Katika kisa hicho Jokerz kutoka kila pembe ya dunia wanamiminika Neo-Gotham, na kiongozi wao ni mtu wa familia ya Dana, mpenzi wake Terry. Mambo ya nyumbani na ya mtaani yanakutana, kama katuni ilivyokuwa ikifanya siku zake nzuri.

Ukimaliza hapo nenda Batman Beyond 2.0, iliyoandikwa na Kyle Higgins na kuchorwa na Thony Silas ndani ya Universe. Terry yuko chuo kikuu. Amegombana na Bruce, na sauti anayoisikia sikioni usiku si ya Bruce tena bali ya Dick Grayson, yule aliyekuwa Robin wa kwanza, msaidizi wa Batman, sasa naye mtu mzima mwenye jicho lililoharibika na maneno yake mwenyewe kuhusu kulelewa na Bruce Wayne.

Wengine watakwambia uanze na Hush Beyond kwa kuwa ndiyo iliyofufua jina. Si vibaya. Mimi naona ina haraka mno ya kukushtua.

Na mtu asiyejua kitu kabisa? Huyo asianze na komiki. Atazame katuni kwanza, angalau msimu wa kwanza. Kitabu kinachomlilia mzee ambaye hukuwahi kumfahamu hakiwezi kukuliza.

Kuna nini hasa kwenye hizi hadithi? Si Batman yuleyule mwenye magari yanayopaa?

Ingekuwa ni hayo tu, Batman Beyond ingekufa mwaka 2001.

Kilichoifanya Batman Beyond iwe tofauti ni watu wawili kwenye vazi moja. Kijana yuko juu ya ghorofa ya 80, mzee yuko pangoni mbele ya kioo cha kompyuta, na kati yao kuna redio. Kijana anatania, mzee anamkata kauli. Kijana anapigwa, mzee anasogeza kiti mbele. Bruce anajua kila mbinu lakini magoti hayamruhusu hata kupanda ngazi haraka. Terry ana mwili wote lakini hajui hata nusu ya adui zake wanatoka wapi.

Kwa hiyo mimi nina kipimo kimoja ninaposhika komiki yoyote ya Batman Beyond: nani anaongea sikioni? Katika 2.0 ni Dick, na hadithi inapata ladha nyingine, kama kulelewa na mjomba baada ya kukosana na babu. Katika kitabu cha 2015 sauti ya ndani ya vazi ni programu ya kompyuta iliyopewa jina la Alfred, na samahani kwa wanaoipenda, lakini baridi yake unaisikia mpaka vidoleni. Jurgens alipomrudisha Bruce kwenye kiti chake mwaka 2016, kitabu kilianza kupumua.

Nimesikia Terry alikufa. Ni kweli?

Waliokulia vibanda umiza wanajua sheria ya kwanza ya sinema: steringi hafi. Basi hapa alikufa.

Ilikuwa kwenye Futures End, komiki iliyotoka kila wiki kati ya 2014 na 2015. Terry anatumwa kurudi nyuma kwa wakati kuzuia mtambo uitwao Brother Eye usije kuitawala dunia. Safari haimfikishi alikokusudia. Anatua akiwa amechelewa, mambo yameshaharibika. Anapambana kadiri awezavyo na mwisho anauawa. Vazi linavaliwa na Tim Drake, mmoja wa waliowahi kuwa Robin, ambaye ndiye anayekwenda mbele kwenye zama za Terry kuwa Batman wa matoleo 16 ya mwaka 2015.

Mashabiki walinung'unika, na walikuwa na haki. Jina kwenye jalada ni Batman Beyond, unafungua, Terry hayumo. Mwishoni mwa kitabu hicho ikagundulika kwamba yupo hai, amepotoshwa akili na adui yake wa zamani Spellbinder na kugeuzwa mtu mwingine kabisa aitwaye Rewire. Tim akamwachia vazi. Kwa hiyo steringi alikufa, halafu hakufa. Waliokaa mstari wa mbele kwenye kibanda wangesema walijua tangu mwanzo.

Huyo Tim Drake ni yule wa kwenye filamu?

Hapana, na hili ndilo kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote.

Tim wa filamu ya Batman Beyond iitwayo Return of the Joker, iliyotoka Desemba 2000, ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Alipokuwa Robin alitekwa na kuteswa na Joker, na jeraha hilo ndilo kisa kizima cha filamu. Tim wa komiki ya 2015 ni kijana kutoka ulimwengu wa kawaida wa DC aliyesafirishwa kwa wakati. Hawajawahi kuwa mtu mmoja. Tukirudi kwenye yale mafungu matatu: Tim mzee ni wa fungu la pili, Tim kijana wa fungu la tatu.

Terry ni mtoto wa damu wa Bruce au siye?

Kwenye ulimwengu wa katuni, ndiye. Lilielezwa mwaka 2005 kwenye kipindi cha Justice League Unlimited kiitwacho Epilogue. Amanda Waller, mwanamke wa serikali aliyemchunguza Batman kwa miaka, aliona kwamba siku moja Batman atachoka, na dunia haiwezi kukaa bila Batman. Basi kwa siri akafanya mbegu za Warren McGinnis zibadilishwe ziwe na vinasaba vya Bruce Wayne. Warren na mkewe Mary hawakujua. Terry akazaliwa, baadaye Matt.

Kisha Waller akataka kukamilisha mfano: wazazi wa mtoto wauawe mbele yake wakitoka kutazama sinema, kama ilivyomtokea Bruce. Akamtuma Andrea Beaumont, mwanamke ambaye zamani alipendana na Bruce na baadaye akawa muuaji anayevaa kinyago cha Phantasm. Andrea alifika pale uchochoroni, akainua mkono, akashindwa.

Komiki za fungu la pili zinaliishi jambo hili. Hadithi ya mwisho mwisho ya 2.0 inamrudisha Andrea, akiwa mzee sasa, na ni miongoni mwa bora. Hush Beyond nayo ina chezo lake la damu: yule anayejifunika bandeji anageuka kuwa nakala ya Dick Grayson iliyotengenezwa maabara, na nyuma yake yupo Waller yuleyule. Mwanamke huyu hakuwahi kumwamini Mungu kwa kazi ya kuumba.

Kwa nini watu walikasirika kuhusu Barbara Gordon?

Kwa sababu 2.0 ilieleza kwamba chanzo cha Bruce kukosana na Dick kilikuwa uhusiano wa Bruce na Barbara, mchumba wa Dick, na kwamba Barbara alishika mimba ya Bruce ikaharibika. Katuni ilishadokeza kwamba wawili hao waliwahi kuwa pamoja, lakini kudokeza ni kitu kimoja na kufungua shuka ni kingine.

Maoni yangu: tatizo si aibu, tatizo ni kwamba Barbara alifanywa njia ya wanaume wawili kugombana. Huyu ndiye Kamishna wa polisi wa Neo-Gotham, mmoja wa watu wachache wanaomkemea Bruce Wayne hadharani. Alistahili kisa chake mwenyewe.

Vazi linafanyaje kazi kwenye karatasi?

Swali zuri, na huulizwa na wanaochora. Vazi la Terry halina joho. Ni jeusi tupu kuanzia kichwani, popo mwekundu kifuani, na mabawa mekundu yanayochomoza chini ya mikono anapotaka kuruka. Kinyago kinafunika uso mzima, hata mdomo.

Kwenye katuni hilo halina shida, kwa kuwa sauti ya Will Friedle inakwambia Terry anacheka au ameumia. Kwenye komiki hakuna sauti, na joho, ambalo wachoraji wa Batman hulitumia kujaza ukurasa na kuonyesha upepo, halipo. Kinachobaki ni mabega, vidole, umbo la yale macho meupe na mstari wa mdomo juu ya kitambaa cheusi. Tazama ukurasa wowote mzuri utaona mchoraji amekunja macho hayo kidogo tu, upande mmoja, na tayari unajua Terry anatania. Tazama ulio mbaya, utaona sanamu nyeusi iliyosimama.

Je, Bruce amekufa kweli?

Kwenye fungu la tatu, ndiyo. Ilianza na kisa kifupi katika toleo la 7 la Batman: Urban Legends, mwaka 2021, na Neo-Year ikakiendeleza. Aliyemuua si Joker wala Blight, adui mkubwa wa msimu wa kwanza wa katuni. Ni mji. Neo-Gotham, wenye mitambo iliyounganishwa kila ukuta na kila taa, umepata akili yake na umeamua hauhitaji tena mlinzi.

Niliposikia hilo nilisema wameharibu. Kumbuka kipimo changu: hakuna anayeongea sikioni. Lakini waandishi walikijua kipimo hicho vizuri kuliko mimi, na wamekifanya kiwe ndicho hadithi yenyewe. Terry anaruka usiku na hakuna wa kumkata kauli. Anasema mzaha, mzaha unaning'inia. Neo-Gothic inamshusha chini kabisa, kwenye tabaka za mji wa zamani uliojengewa juu na kusahauliwa, na humo anakutana na kijana aitwaye Kyle, mwenye sura ya paka. Ghafla Terry ndiye mkubwa, ndiye wa kuonya na kukataza.

Kevin Conroy, sauti ya Bruce tangu 1992, alifariki Novemba 10, 2022, mwaka uleule Neo-Year ilipotoka. Waliokuwa wakiisoma wakati huo waliisoma kwa namna ambayo waandishi hawakuipanga.

Zinafaa watoto?

Za 1999 hadi 2001, bila wasiwasi. Kuanzia 2010 ni za vijana wakubwa. Kuna damu, na 2.0 ina mambo ya watu wazima kama nilivyoeleza.

Hilo neno "schway" maana yake nini?

Ni lugha ya mtaani ya Neo-Gotham, kama sisi tunavyosema "poa" au "bomba". Waandishi wa komiki wanalitumia kwa ukali tofauti. Jurgens hana mkono mwepesi nalo.

Na mbwa je?

Yupo. Ace, mweusi, mkubwa, asiyempenda mtu. Katuni ilieleza alikotoka: Bruce alimkuta kwenye uchochoro ule ambako wazazi wake waliuawa, usiku wa kumbukumbu ya vifo vyao. Mzee alikuwa amekwenda peke yake, akavamiwa na mmoja wa Jokerz, na mbwa asiyemjua akajitosa kumtetea. Wakaondoka pamoja.